Pembe ya Uzito

Kokila alinipigia simu kabla ya saa moja asubuhi:
"Sechelela, tangi liko pembe mbaya."
Nikajua wiki imekwisha.
Tangi la lita elfu mbili si mwanasesere,
na ngazi ya nyumba ile ya Uhindini
ilijengwa na mtu aliyewachukia mafundi.

Juu, zege lilikuwa limeanza kuchoma nyayo.
Reli ilimeta upande wa stesheni,
Mlimwa umekaa pale, kijivu,
kama ng'ombe aliyeshiba.
Kokila, kandambili na sari iliyopauka,
alinielekeza kwa mwiko wa chapati:
"Kaskazini-mashariki paachwe wazi.
Alfajiri huingilia pale, usiizibie mlango.
Maji ya mvua nayo yaelekee huko huko.
Kilicho kizito, kusini-magharibi.
Kilichovunjika kisilale juu ya vichwa vya watu.
Ndiyo vastu, mwanangu. Siyo uchawi, usinitazame hivyo."

Nilitaka kucheka. Nikapima kwanza.
Pima maji haina dini.
Niliilaza, kiputo kikakimbilia mashariki,
maana yake maji hulala magharibi,
juu ya chumba alichougulia mzee Jayantilal
akihesabu madoa ya dari
mpaka akayapa majina.

Nikamweleza. Hakushangaa.
"Sasa unadhani nimekuitia nini?"

Bibi yangu, kule Mvumi, aliishi chini ya tembe.
Juu alianika uwele, na kunguru alimjua kwa sauti.
Kila mwaka, kabla ya wingu la kwanza,
alipanda na udongo kwenye karai,
akalikanyaga paa lote kwa kisigino,
akisikiliza wapi pamelegea.
Vastu hakuisikia hata siku moja.
Alisema tu, paa bapa ni mtoto mchanga:
ulipe mgongo siku tatu,
utalikuta linalilia ndani ya nyumba.

Basi tukafanya.
Vijana wanne, kamba, matusi ya kutosha.
Tangi likavuka paa kama bibi harusi asiyetaka kwenda,
likakaa kusini-magharibi juu ya msingi mpya,
na jua la saa kumi, lile la Dodoma lisilo na adabu,
likakuta mtu wa kupigana naye
kabla ya kufika ukutani.
Nikamwaga saruji ya mteremko,
kidole kimoja kwa kila hatua mbili,
nikachonga mfereji upande wa macheo.
Kokila akaleta mrehani kwenye kopo la rangi,
akaumwagilia maji ya kikombe kimoja.
Ilikuwa wiki ya mgao.

Ikabaki takataka.
Ungo wa televisheni, godoro la panya,
ndoo isiyo na kitako. Vikashuka.
Kikabaki kiti cha kamba, miguu mitatu,
alichokalia Jayantilal jioni
akingoja treni ambayo hakuwahi kuipanda.

"Hiki kimevunjika, mama."
"Najua."
"Na ni wewe uliyesema..."
"Najua nilichosema, Sechelela."

Upepo ukapita na vumbi lake.
Mwiko ulikuwa mkononi bado.
"Kiweke kule, karibu na tangi," akasema.
"Ni kizito."

Kiti kile hata mtoto angekiinua kwa kidole.
Nilikibeba kwa mikono miwili,
taratibu, nikitazama ninapokanyaga.

Desemba, usiku, simu ikaita.
Hakusema neno. Alikuwa ameinyoosha nje ya dirisha:
nikasikia maji yakishika mfereji,
yakienda yalikoelekezwa.
Kisha sauti yake, ya usingizi nusu:
"Ile mifuko miwili ya saruji sijasahau.
Njoo Jumamosi. Na ulete mguu wa kiti."